Kwa Nini Dawa ya Ndorobo Haiwekwi Ikishachanganywa?

Baadhi yenu nyumbani mna ng'ombe, na katika bonde letu la Kilombero wapo mbung'o wanaoambukiza ng'ombe nagana, ugonjwa ambao wafugaji huuita ndorobo. Mnyama hukonda, hupungukiwa damu, na asipotibiwa aweza kufa.

Dawa inayotumika sana ni unga wa manjano uitwao diminazini, uliojulikana tangu mwaka 1955. Natutazame asili yake.

Mwaka 1858 mkemia wa Kijerumani, Johann Peter Griess, aligundua kemikali ziitwazo diazoniamu. Ndani yake mna chembe mbili za nitrojeni zilizoshikana. Nitrojeni ndiyo gesi iliyo nyingi kuliko zote katika hewa tunayovuta, na chembe hizo zikipata nafasi hujinasua zikawa gesi. Ndiyo maana diazoniamu nyingi hutengenezwa katika baridi ya barafu, kati ya nyuzi 0 na 5, na hutumika papo hapo. Zikipata joto huharibika, na baadhi yake zikikauka hulipuka.

Diminazini hutengenezwa kwa kuiunganisha diazoniamu na kemikali nyingine, hivyo hutulia zaidi. Katikati yake mna chembe tatu za nitrojeni zilizofuatana. Unga ukiwa mkavu hudumu. Ukishayeyushwa majini, kiungo hicho huanza kukatika kidogo kidogo, na joto huharakisha. Watengenezaji huongeza fenazoni ili kuchelewesha uharibifu huo, lakini hauzuiliki kabisa.

Basi mfugaji akichanganya paketi ya ng'ombe wa kilo 300, akamchoma ndama mmoja, kisha akaacha mabaki kwenye chupa katika joto la Ifakara, ng'ombe wa wiki ijayo huenda akachomwa dawa pungufu. Kwa macho hatuwezi kuipima nguvu yake. Kipimo cha kawaida ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya mnyama. Kikipungua, baadhi ya vimelea hubaki hai, na hapo usugu huanza. Hasara yake huwafikia hata majirani.

Tunawausia: changanyeni kiasi cha kazi ya siku hiyo, fuateni muda ulioandikwa kwenye paketi, wala msitunze mabaki. Penye shaka, muulizeni bwana mifugo. Mnyama hawezi kusema kwamba dawa haikufaa, naye ni amana mikononi mwetu.