Maua ya Kupanda Machakos Bila Kumaliza Maji ya Nyumbani

Sisi watu wa Pwani tunapenda maua. Nyumba isiyo na asumini wala mrehani uani huonekana kama haijakamilika. Ndiyo maana mwenzetu akihamia Machakos, Athi River au Mlolongo kikazi, hubeba vipando kutoka nyumbani. Baada ya miezi michache vipando vimekauka, na maji ya kununua kwa jerikeni yameishia mchangani huku jikoni hakuna ya kutosha.

Machakos si Mombasa. Mji uko kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi. Mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, na katikati ni kiangazi kirefu. Katika Ukambani, mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi. Kwa hiyo panda mvua za vuli zinapoanza, mizizi ishuke kabla jua halijakaza.

Chagua mimea iliyozoea shida. Bogenvilia ndiyo ya kwanza: ikishashika, hutoa maua mengi zaidi ikikosa maji kidogo, na ukiimwagilia kila siku itakupa majani matupu. Shubiri huhifadhi maji ndani ya majani yake, na maua yake huwavutia ndege chozi. Nunua kwenye vitalu, usizing'oe porini. Waridi la jangwani, lenye shina nene, huota lenyewe katika sehemu kavu za Kenya. Kwa ua wa rangi ya samawati panda plumbago, na chini yake weka vinka au gazania.

Tahadhari ni mbili. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, na oleanda ina sumu kuanzia jani hadi mzizi; penye watoto wadogo au mbuzi, ziache. Lantana nayo ni nzuri kwa macho, lakini huenea hadi malishoni na kudhuru mifugo. Usimpelekee jirani balaa hilo.

Udongo nao utazame. Athi River na Mlolongo kuna udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Hapo inua tuta na uchanganye mchanga na samadi, la sivyo shubiri na waridi la jangwani vitaoza mizizi. Kwenye miteremko ya Machakos, jifunze kwa wenyeji. Matuta ya fanya juu, ambapo mtaro huchimbwa na udongo kutupwa upande wa juu, yamezuia maji na mmomonyoko mashambani kwa miaka mingi. Bustani ndogo inahitaji kijitaro tu juu ya kila kichaka, na nyasi kavu zilizotandazwa shinani.

Mwaka wa kwanza, mpe kila mche ndoo moja kwa wiki, polepole, karibu na shina. Kunyunyizia kidogo kila siku huifanya mizizi ibaki juu, na jua likija huikausha. Maji yaliyooshewa mboga yanafaa kabisa. Mwaka wa pili vichaka vingi vitajitegemea.

Na asumini? Usiikose. Iweke kwenye chungu kimoja karibu na mlango, penye kivuli cha mchana, na umwagilie hicho kimoja tu. Harufu ya nyumbani utaipata, na maji ya kupikia yatabaki.