Namna ya Kutambua Mabamba ya Ukutani na Darini

Zamani mtu hakuwa na haja ya kuuliza ukuta wake umefanywa kwa kitu gani, maana udongo aliukanda mwenyewe. Siku hizi mambo ni mengine. Katika nyumba za walimu, zahanati na maofisi, na hata nyumba za watu binafsi, kuta za ndani na dari hufunikwa kwa mabamba yaliyotoka kiwandani, nayo yakiisha kupakwa rangi huonekana yote sawasawa. Basi mwenye nyumba atakaye kupigilia msumari au kuondoa dari iliyooza atajuaje ni bamba gani lililo mbele yake? Swali hili si dogo, kwa kuwa moja katika mabamba hayo laweza kuleta ugonjwa wa kufisha.

Usitazame uso uliopakwa rangi, tazama ukingo. Tafuta mahali ambapo ukingo umekwisha kuwa wazi: penye tundu la taa, penye mlango mdogo wa kupandia darini, au pembeni palipomeguka. Chukua kurunzi, utazame bila kugusa kitu. Pasipo na mahali pa wazi, usitoboe. Sababu yake utaiona hapa chini.

Mabamba yatokanayo na miti hayana taabu kutambulikana. Plaiwudi huonyesha ukingoni tabaka nyembamba zilizolaliana, na nyuzi za kila tabaka hukatana na za jirani yake. Hadibodi ni nyembamba, yapata milimita 3, ya rangi ya kahawia, laini upande mmoja, na mara nyingi upande wa pili ina alama kama za wavu. Sofubodi ni nene lakini nyepesi; ukingo wake una nyuzinyuzi, na ukiigonga haitoi sauti ya maana. Ndiyo ipendwayo na walimu kwa kubandikia matangazo, kwa sababu hushika pini vizuri.

Bamba la jasi, ambalo mafundi huliita jipsamu, ni unga wa jasi ulioganda katikati ya karatasi mbili. Asili yake ni Marekani, ambako Augustine Sackett alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1894. Ukingoni utaona weupe kama wa chaki, na karatasi nje yake kila upande. Hiyo karatasi ndiyo dalili kubwa, ikumbuke. Bamba hili ni zito kuliko lionekanavyo: lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na unene wa milimita 12.5 lina uzito wa kilo 24 hivi. Ukiligonga hulia kama kitu chenye uwazi nyuma yake, na ukifika penye mti uliolishika, sauti hukaza. Hapo ndipo pa kupigilia msumari wa kutundikia kitu kizito, kwani jasi peke yake haishiki. Ndani ya jasi mna maji yaliyofungamana nayo, karibu sehemu 20 katika 100 za uzito wake, na kwa ajili hiyo huchelewesha moto. Lakini mvua ikivuja juu yake hulegea na kubonyea.

Sasa twafika kwenye bamba la hatari. Katika karne iliyopita majengo mengi yalifunikwa kwa mabamba ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za jiwe liitwalo asbesto. Ni ya kijivu, magumu, hayana karatasi, na pini haiingii. Iko namna nyingine laini zaidi, ya rangi ya kijivu-nyeupe, ambayo pini huingia, na fundi asiye mwangalifu huidhania kuwa jasi. Hiyo ni mbaya zaidi, kwani humeguka upesi na asbesto iliyomo ni nyingi. Nyuzi zake zikipeperuka na kuvutwa pumzini hukaa mapafuni, zikaleta saratani, na ugonjwa huweza kuonekana baada ya miaka 20 hata 50. Uingereza ilipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999. Tena yako mabamba ya saruji ya siku hizi yasiyo na asbesto, yafananayo kabisa na yale ya kale. Macho hayawezi kuyapambanua, ila darubini ya wataalamu. Kwa hiyo bamba la kijivu lisilo na karatasi, katika jengo la zamani, lihesabiwe kuwa la asbesto mpaka lipimwe.

Niliwahi kufika shule moja nikakuta dari kuukuu inaangushwa kwa nyundo, na watoto wanafagia vipande kwa mifagio mikavu, vumbi limetanda darasa zima. Hapana aliyekusudia ubaya. Walidhani ni chokaa tu.

Bamba la namna hiyo likiwa zima, liache mahali pake, wala usilitoboe, usilikate kwa msumeno, usilipige msasa. Laweza kupakwa rangi bila kukwanguliwa. Likiwa limevunjika, waondoe watoto, funga chumba, umwarifu Bwana Afya. Vipande visifagiliwe vikavu, wala visichukuliwe kuezekea banda la kuku. Kuviondoa ni kazi ya watu wenye vifaa vya kujikinga, nao huvilowesha maji kwanza, kisha huvifunga katika nailoni nzito kabla ya kuvipeleka mahali palipoagizwa.