Logi Zisilale Ndani ya Rauta

Rauta ya dukani au ya zahanati, iwe Buseresere au Katoro jirani yake, huandika mengi kuliko mwenye nayo anavyodhani: nani kaingia kwenye mipangilio, nani kakosea nywila, laini imekatika saa ngapi. Mafundi huita maandishi hayo logi. Tatizo ni mahali yanapokaa. Kwa kawaida huwekwa kwenye kumbukumbu ya muda, na kifaa kikizimika hufutika. Rauta za MikroTik, zikiachwa na mipangilio ya kiwandani, hutunza mistari 1,000 tu. Ikijaa, ya zamani hufutwa kupisha mipya. Kwa hiyo radi ikipiga na umeme ukakatika, habari za dakika chache kabla, ambazo ndizo fundi anazihitaji, zimeshapotea. Mvamizi naye hahitaji radi: akishaingia kwenye rauta, anaweza kufuta nyayo zake mwenyewe. Ndiyo maana logi lazima zitumwe nje, kwenye seva nyingine, papo hapo zinapoandikwa.

Njia ya kufanya hivyo ina umri mkubwa. Syslog ilibuniwa na Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, na leo karibu kila rauta ya kiofisi inaielewa: fundi huandika anwani ya seva, basi. Faida ya kutunza rekodi nje ya kompyuta inayovamiwa ilionekana hata kwa njia nyingine. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley, Clifford Stoll alifuatilia upungufu wa senti 75 kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta, akagundua mvamizi. Aliunganisha printa kwenye laini za simu, zikachapa kila alichoandika mtu yule, naye hakuwa na uwezo wa kuzigusa.

Wapo watakaosema seva ni gharama. Kompyuta chakavu yenye Linux na programu ya rsyslog, isiyolipiwa, inatosha kwa ofisi ndogo. Wengine watasema intaneti yenyewe hukatika. Ni kweli, na Syslog ya kawaida, inayopita UDP, haiulizi kama ujumbe umefika. Basi seva ya kwanza ikae jengo hilohilo, iwe na betri, ipange foleni kwenye diski na kupeleka nakala mbali mtandao ukirudi. Pingamizi zito zaidi ni faragha, kwa kuwa logi zinaweza kuonyesha simu ya nani iliunganishwa lini. Tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nakala inayosafiri isimbwe kwa TLS, na logi zifutwe muda wake ukiisha.

Saa nayo isipuuzwe. Rauta isiyo na betri ya saa ikiwaka upya inaweza kujihesabu iko mwaka 1970 mpaka irekebishwe na NTP, inayosawazisha saa kupitia mtandao. Logi ikitumika kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime namna kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Logi yenye tarehe ya uongo itamsaidia nani?

Unapofungiwa rauta, kabla hujamlipa fundi, mwulize logi zinakwenda wapi, kisha akuonyeshe mistari ya leo kwenye seva.