Utumbo, Homoni na Utafiti Uliowaacha Wanawake Nje

Sekei ni kata ya Jiji la Arusha iliyo kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, na anayetaka kuona ulaji wetu unavyobadilika hana haja ya kwenda mbali na hapo. Asubuhi akina mama hushuka kutoka juu na ndizi mbichi, mnafu, figiri, maparachichi na maziwa. Jioni, kando ya barabara zilezile, makarai ya chipsi yanafuka moshi na soseji zinageuzwa kwenye mafuta yaliyokwisha kutumika mara kadhaa. Siku hizi imeongezeka biashara ya tatu: chai na unga wa “kusawazisha homoni”, unaotangazwa kwenye simu na kuuzwa kwa mwanamke ambaye hedhi inamruka miezi, ana chunusi zisizokwisha, au anatafuta mtoto na hapati.

Wauzaji hao wameshika swali la kweli na kulipa jibu wasiloweza kulithibitisha. Ni kweli kwamba utumbo una mkono wake katika homoni za mwanamke. Jambo hilo limechunguzwa kwa miongo kadhaa, na njia yake inaelezeka.

Estrojeni ikishafanya kazi mwilini hupelekwa kwenye ini. Ini huifunga kwa kuiunganisha na asidi ya glukuroni ili iweze kutolewa. Sehemu yake hutoka kwa mkojo, na sehemu nyingine huteremka pamoja na nyongo hadi utumboni, tayari kwenda zake na choo. Hapo ndipo bakteria wanapoingilia. Baadhi yao hutengeneza kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidasi, ambacho hukata kile kifungo. Estrojeni ikifunguliwa hupenya ukuta wa utumbo na kurudi kwenye damu. Mwaka 2011 Claudia Plottel na Martin Blaser wa New York walizipa jeni za bakteria wenye uwezo huo jina la pamoja, estrobolomu, lakini dalili zenyewe zilikuwa zimeonekana zamani. Katika miaka ya 1970, Herman Adlercreutz na wenzake nchini Finland walifuatilia wajawazito waliopewa ampisilini. Dawa ile ilipopunguza bakteria wa utumbo, estrojeni iliyotoka na choo ilipanda, na ya kwenye mkojo ikashuka. Homoni iliyozoea kurudi mwilini sasa ilikuwa inapotea.

Hapa kuna jambo la kuweka sawa, maana nimelisikia likisemwa vibaya mara nyingi. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba kila antibayotiki inaharibu vidonge vya uzazi wa mpango. Antibayotiki za kawaida kama amoksilini hazijaonyeshwa kuvipunguzia nguvu. Inayovipunguzia nguvu kweli ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu, na haifanyi hivyo kupitia bakteria: inalichochea ini livunje homoni haraka kuliko kawaida. Mwanamke aliye kwenye matibabu ya TB na anatumia vidonge au kipandikizi azungumze na mhudumu wake wa afya mapema.

Chakula nacho kinaingiaje? Mwaka 1982 Barry Goldin, Sherwood Gorbach na wenzao wa Boston walilinganisha wanawake 10 wasiokula nyama na 10 wanaokula kila kitu. Wasiokula nyama walikuwa wakipata nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Choo chao kilikuwa kingi zaidi, kikatoka na estrojeni nyingi zaidi, na damu yao ikawa na estrojeni kidogo kuliko ya wenzao. Idadi ya wanawake ilikuwa ndogo, lakini njia ilionekana wazi: nyuzinyuzi huongeza wingi na kasi ya choo, na hupunguza nafasi ya bakteria kuifungua homoni iliyokwisha kufungwa.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia ya nyuzinyuzi. Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari waliofanya kazi miaka mingi Hospitali ya Mulago, Kampala, ndio waliouhimiza ulimwengu uone kwamba maradhi mengi ya matumbo ya Ulaya yalikuwa nadra kwa wakulima wa huku, na waliamini kwamba sababu ni chakula kisichokobolewa. Walijenga hoja yao kwa kuangalia sahani za bibi zetu. Sisi tuliozirithi sahani hizo ndio tunaoziacha sasa.

Chukua loshoro, chakula cha Waarusha. Mahindi hutwangwa ili ganda litoke, yakachemshwa kwa muda mrefu mpaka yalainike, kisha huachwa yapoe kabla ya kuchanganywa na maziwa mgando. Hatua ile ya kupoza ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Wanga uliopikwa ukipoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa ngumu kusagwa na utumbo mwembamba. Hufika utumbo mpana ukiwa mzima, na huko bakteria huuchachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, inayolisha seli za ukuta wa utumbo. Asidi hizo pia huuamsha utumbo utoe homoni za shibe. Maziwa mgando huleta bakteria wa uchachushaji juu ya hayo. Ndizi mbichi zina wanga wa namna hiyo pia, na maharage yanayopikwa nazo yanaongeza nyuzinyuzi za aina nyingine. Aliyebuni vyakula hivi hakuwa na maabara, lakini alimwachia bakteria wa utumbo mpana kitu cha kula. Chipsi na mkate mweupe humwachia kidogo sana.

Nisingependa hata hivyo msomaji aondoke akidhani kwamba nyuzinyuzi zikizidi ndivyo afya inavyozidi. Utafiti wa wanawake 250 wa Buffalo, jimbo la New York, uliochapishwa mwaka 2009, uliwakuta waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi wakiwa na estrojeni na projesteroni za chini, na pia wakiwa na mizunguko mingi zaidi ambayo yai halikupevuka. Wale walikuwa wanawake wenye afya na hedhi ya kawaida. Kushuka kwa estrojeni kunaweza kuwa heri kwa mmoja na hasara kwa mwingine, hasa anayetafuta mimba huku anakula kidogo ili apungue. Ndiyo maana neno “kusawazisha” linanipa shida: mizani ya nani, ya umri gani, na imepimwa lini?

Njia ya pili ya chakula kufikia homoni hupita kwenye insulini, na kwa mijini kwetu nadhani ndiyo nzito zaidi. Sukari na wanga uliokobolewa hupandisha insulini. Mwili ukizidi mafuta, hasa ya tumboni, insulini hupanda na kubaki juu. Insulini nyingi huchochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi, na wakati huohuo hulifanya ini lipunguze protini inayozibeba na kuzishikilia homoni za jinsia kwenye damu. Testosteroni iliyo huru inaongezeka: ndevu zinaota, chunusi zinazidi, yai halipevuki. Hiyo ndiyo sura ya PCOS, hali inayomkuta takriban mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa duniani, wengi wao bila kujua. Mwaka 2019 watafiti wa Beijing waliwakuta wanawake wenye PCOS wakiwa na bakteria wengi wa aina ya Bacteroides vulgatus. Walipowapandikizia panya bakteria hao, ovari za panya zikavurugika na insulini ikaacha kufanya kazi vizuri. Panya si mwanamke, lakini jaribio lile lilionyesha kwamba bakteria wanaweza kuwa sehemu ya chanzo. Kwa upande wetu, takwimu za kitaifa za afya ya uzazi zilionyesha wanawake wenye uzito uliozidi wakipanda kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi 28 mwaka 2015-16.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Mwezi Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika mkoani Kilimanjaro, likiongozwa na watafiti wa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, miongoni mwao Godfrey Temba na Quirijn de Mast. Walishiriki watu 77 wenye afya. Wa vijijini waliozoea chakula cha asili walilishwa kwa wiki mbili chakula cha kizungu kilichosindikwa, na wa mjini wakalishwa cha asili chenye mboga, maharage na nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kila siku kwa wiki moja. Damu iliongea upesi. Waliohamia chakula cha kisasa walipandisha viashiria vya uvimbe wa ndani, na chembe zao za kinga zikadhoofika katika kukabili vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na waliokunywa mbege, walishusha viashiria hivyo. Baadhi ya mabadiliko yalionekana bado wiki nne baadaye.

Ni kazi nzuri, na mtu wa Meru anaweza kujivunia kwamba chakula cha jirani zake kimepimwa kwa viwango vya juu kabisa. Lakini washiriki wote 77 walikuwa wanaume. Kichwa cha habari cha utafiti wenyewe kinasema hivyo waziwazi.

Je, tunaweza kuyachukua majibu ya wanaume na kumpa mwanamke wa Sekei? Jibu liko upande wa pili wa mkoa wetu, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2014 Stephanie Schnorr na wenzake walichapisha uchunguzi wa bakteria wa utumbo wa Wahadzabe 27. Watu wale wanaishi pamoja kambini na wanagawana chakula, lakini utumbo wa wanawake ulitofautiana na wa wanaume. Wanawake, ambao huchimba mizizi na kuila zaidi, walikuwa na Treponema wengi, bakteria wanaohusishwa na uvunjaji wa mimea yenye nyuzi ngumu. Wanaume huenda mbali zaidi kutafuta nyama na asali. Miaka mitatu baadaye, timu nyingine ikaonyesha kwamba bakteria wa Wahadzabe hubadilika hata kwa msimu: aina zinazopotea wakati wa masika hurudi kiangazi kinaporejea. Kama jinsia na msimu vinabadilisha utumbo ndani ya jamii moja, basi mwanamke ambaye estrojeni yake inapanda na kushuka kila mwezi hawezi kuhesabiwa kuwa mwanamume mdogo.

Najua kuwapima wanawake ni kazi zaidi. Inabidi siku ya mzunguko ijulikane, ujauzito upimwe, anayetumia sindano au kijiti atenganishwe na asiyetumia. Ugumu huo ndio maudhui yenyewe ya swali la homoni. Moshi kuna hospitali ya KCMC, Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, na hapohapo Tengeru kituo cha Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Mboga kinatunza mbegu za mnafu, mchicha na mgagani. Wataalamu wapo, chakula kipo, na wanawake wapo. Nawaomba wanaoandika maombi ya fedha za utafiti, na kamati zinazoyapitisha, wasikubali tena jaribio la chakula cha nyumbani linalomwacha nje mpishi wake.

Nawe dada, loshoro, ndizi kwa maharage na mnafu vina sababu za kutosha za kubaki mezani kwako hata kabla majibu hayo hayajapatikana. Ila kama hedhi imekosekana miezi mitatu na huna ujauzito, au ndevu zinaota, au umetafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, chakula peke yake kisikucheleweshe, na unga wa kwenye simu usikupotezee muda. Fedha uliyotaka kuulipia ipeleke kwenye vipimo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na umwambie daktari kila unachokula na kila dawa unayomeza.