Nokia ya Vibonyezo ama ya Kugusa: Ipi Inafaa kwa Pesa Zako?

Swali hili hutufikia sana, hasa mwisho wa mwezi mtu akitaka kumnunulia mzazi simu: "Nimeona Nokia mbili, bei zinakaribiana. Moja iko na vibonyezo na inaingia intaneti, nyingine ni ya kugusa. Nichukue ipi?"

Wengi hudhani tofauti ni umbo tu. Tofauti kubwa iko ndani, kwenye mfumo unaoendesha simu. Mwaka 2018, HMD Global, kampuni ya Ufini inayotengeneza simu za Nokia, ilizindua Nokia 8110 4G na Nokia 1 kwenye hafla moja mjini Barcelona. Ya kwanza, ile ya kifuniko cha kuteleza yenye umbo la ndizi, inatumia KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS. Ya pili inatumia Android Go, yaani Android iliyopunguzwa uzito ili iweze kukaa kwenye simu yenye RAM ndogo. Kampuni moja, jina moja, lakini ukishainunua unaishi maisha mawili tofauti.

Tuanze na jambo la kutuliza roho. Kutuma pesa, kutoa kwa wakala, kulipa till, kununua tokeni za stima: yote yanawezekana kwenye simu zote mbili. Ukibonyeza *334# ya M-PESA, huhitaji bando wala programu, kwa sababu ombi lako linapitia mtandao wa laini. Hata mulika mwizi inaweza. Kwa hivyo kama mama anapokea, anatoa na kupiga simu tu, usimsumbue na kioo cha kugusa ambacho hajakiomba.

Shida huanza kwenye programu. Duka la KaiOS ni dogo, na programu nyingi za benki zetu hazimo. Halafu kuna WhatsApp. Iliingia KaiOS mwaka 2018 na ikauza simu nyingi sana. Mwaka 2024 ikaacha kupatikana kwa watu wapya, na mapema 2025 ikazimwa hata kwa waliokuwa nayo. Simu yenyewe ni nzima, chaji inakaa, lakini mama mboga aliyekuwa akipokea oda za wateja hapo inabidi atafute simu nyingine. Ukienda kununua ya mkono wa pili na uambiwe "hii iko na WhatsApp", omba ifunguliwe mbele yako na itume ujumbe.

Sisi tungemshauri mwenye biashara achukue Android, hata hiyo ndogo ya Go. Ataona taarifa ya malipo yake kwenye programu badala ya kupekua SMS moja moja usiku. Lakini ajue anachobeba: Nokia 1 iko na GB 8 tu za kuhifadhi, na picha za magrupu hazichelewi kuzijaza. Pia Android hukubali programu zinazotumwa kwa link nje ya Play Store, na huko ndiko matapeli hupenda kupitia. Programu ya mkopo ikiomba ruhusa ya kusoma SMS zako zote, ikatalie. Kwenye KaiOS mtego huo hauna pa kushikia.

Kitu kimoja watu husahau: ukitumia menyu ya nyota, mara nyingi PIN huonekana wazi kwenye skrini unapoiandika, iwe KaiOS ama Android. Kwenye matatu, funika kwa mkono.

Na ukibadilisha simu, pesa hazibaki kwenye ile ya zamani. Ziko kwenye akaunti, zinafuata laini yako. Kinachobaki ni SMS za malipo, majina na picha, kwa hivyo toa laini na memori kadi, kisha uirudishe simu kwenye hali ya kiwandani kabla hujampa mtu.