MAWE MAZURI, VUMBI BAYA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Mnalijua malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari linalotokea pamoja na shaba yetu ya Katanga. Vipande visivyokwenda kiwandani, fundi anaweza kuvifanya visanduku, visahani vya majivu ya sigara, hata uso wa meza. Kazi hii ni ya zamani. Huko Urusi, baada ya moto wa mwaka 1837 kuunguza ikulu ya mfalme, nguzo za chumba kimoja zilivikwa malakiti. Si jiwe zima: ni vipande vya milimita chache, vilivyobandikwa juu ya kitu kingine na kulinganishwa mistari mpaka usione kiungo.

Ukitaka kufanya kazi hiyo nyumbani, fikiri kwanza mapafu yako.

Malakiti ni laini, kisu kinalikwaruza. Lakini mara nyingi limeshikamana na jiwe gumu lenye silika. Ukilikata, vumbi la kijani linawasha macho na koo, na ukilimeza linachafua tumbo. Vumbi la silika ni baya zaidi. Chembe zake jicho halizioni. Zinaingia ndani kabisa ya mapafu, zinaacha makovu, na pumzi inapungua mwaka kwa mwaka. Ndiyo silikozi. Hakuna dawa ya kuiponya, na mwenye nayo anashikwa upesi na kifua kikuu. Huko Australia, vijana wengi waliokata meza za jikoni za unga wa silika na gundi waliugua hata serikali ikakataza mawe hayo tangu tarehe 1 Julai 2024.

Basi fanya hivi:

1. Kata na sugua jiwe likiwa na maji sikuzote. Mashini iwe ya kufanya kazi na maji, na waya wake wa ardhi uwe mzima.
2. Vaa miwani na maski ya vumbi inayobana uso. Kitambaa puani hakitoshi.
3. Fanya kazi mbali na nyumba na watoto. Usifagie pakiwa pakavu: mwaga maji kwanza.
4. Vua nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto. Mama, usizikung'ute, zitie majini.
5. Usichukue kamwe jiwe la Shinkolobwe. Lina uraniamu.

Mama, meza ya malakiti usiipanguse kwa limau wala siki, kwa sababu zinalila jiwe na kuyeyusha shaba yake. Kwa hiyo malakiti si la kufanyia kikombe wala sahani.

Na wewe unayekohoa siku nyingi au kukosa pumzi ukipanda kilima, usingoje. Nenda dispanseri, umwambie mganga kwamba unakata mawe. Asipojua kazi yako, atatafuta ugonjwa mwingine.

Meza inaweza kungoja. Mapafu hayauzwi sokoni.