Akaunti Moja, Vifaa Saba: VPN ya Kuchanga Inapozua Ugomvi

Mwezi uliopita nilipanda treni Miritini hadi Syokimau, kisha matatu mpaka Umoja, kumjulia hali mpwa wangu. Kama vijana wengi wa Pwani walioko Eastlands, anaishi na wenzake kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya nne. Wote watano hufanya kazi moja ya mtandaoni: kuwajibu wateja wa kampuni iliyo ng'ambo, kwa zamu, mchana na usiku. Sharti la mwajiri ni kuwa kila anayefungua taarifa za wateja apitie VPN. Basi wakachanga, shilingi 350 kila mmoja kwa mwezi, wakalipia akaunti moja inayoruhusu vifaa vitano.

Nilikuta nyumba imenuna. Salamu yangu ilijibiwa nusu mdomo. Jumatano ile, saa tano usiku, intaneti ilikatika dakika moja tu. Iliporudi, mpwa wangu alikataliwa kuingia: nafasi zimejaa. Akakaa karibu saa mbili bila kumjibu mteja, na asubuhi akapata onyo la kazi. "Mjomba, hapa kuna mtu anatula," akaniambia, "lakini kila mmoja anaapa si yeye."

Mimi sina makubwa. Nina diploma ya kompyuta na miaka kadhaa ya kutengeneza mashine za watu Mombasa. Nilimwambia afungue ukurasa wa akaunti yao, sehemu inayoonyesha vifaa vilivyosajiliwa. Vilikuwa saba. Vitano vyao, simu moja, na televisheni moja. Kumbe mwenzao aliyehamia Kayole miezi mitatu nyuma alibaki na neno la siri, na kaka yake huko alikuwa akitazamia mpira. Hakuna aliyemwambia atoke kwenye akaunti. Wizi haukuwapo. Utaratibu ndio haukuwapo.

Naandika haya kwa sababu najua nyumba kama ile ni nyingi, kuanzia Donholm na Pipeline hadi Kisauni na Likoni. Na nikueleze tangu mwanzo nilichojifunza: mara nyingi kinachoharibika kwenye VPN ya kuchanga ni mapatano ya watu kabla ya mitambo.

Kwanza tuelewane VPN ni kitu gani. Chukulia unatuma barua. Badala ya kuipeleka moja kwa moja, unaitia ndani ya bahasha ya pili iliyofungwa, unampa wakala, naye anaifikisha. Anayekuuzia intaneti anaona tu kwamba umempelekea wakala kitu, haoni ndani. Na anayepokea anaona anwani ya wakala, haoni yako. Ndiyo sababu waajiri huitaka, hasa kwa watu wanaotumia waifai ya ploti nzima, ambayo hujui nani mwingine yumo.

Sasa, VPN ikigoma, msianze kutazamana kwa jicho baya. Fuateni hatua.

Hatua ya kwanza, zimeni VPN mjaribu kufungua ukurasa wowote. Ukikataa, tatizo si VPN. VPN hupanda juu ya intaneti kama abiria kwenye gari. Gari likiharibika abiria hafiki. Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini? Intaneti ilizorota Kenya na Tanzania. Nyaya hizo hizo zinatua hapa kwetu Mombasa. Siku ile hakuna VPN ambayo ingemsaidia mtu.

Lakini angalieni jambo moja hapo. Programu nyingi za VPN zina ulinzi unaofunga intaneti yote VPN inapokatika, ili siri zisivuje. Kwa kazi za wateja ni ulinzi mzuri, ila mtu asiyeujua hudhani bando limeisha. Ndivyo ilivyomtokea mpwa wangu: aliwasha na kuzima ruta mara tatu bure, kumbe ni ulinzi ule.

Hatua ya pili, hesabuni vifaa. Kila kampuni ina idadi yake. Mullvad huruhusu vifaa 5 kwa akaunti moja, Proton VPN ya kulipia hadi 10, na Surfshark haiweki kikomo. Kumbukeni kwamba mtu mmoja mwenye simu na laptopu ni vifaa viwili. Watu watano wanaweza kuwa vifaa kumi kabla hata hajaja wa Kayole. Ondoeni msivyovitambua, kisha badilisheni neno la siri siku hiyo hiyo. Mkiondoa bila kubadilisha, mtu atarudi kesho.

Hatua ya tatu inawahusu wale wanaotumia faili la mipangilio la WireGuard. Faili lile lina ufunguo wake. Mkilinakili kwenye laptopu mbili na kuziwasha pamoja, seva huona ni mtu mmoja anayehamahama, na majibu huenda kwa huyu mara, kwa yule mara. Kila mmoja atalalamika kuwa mtandao unakuja na kuondoka. Dawa ni kila kifaa kiwe na faili lake.

Hatua ya nne, ikiwa akaunti ni sawa lakini VPN haiunganiki kwenye waifai fulani, jaribuni laini ya simu. Ikiunganika huko, basi waifai ile inazuia njia inayotumika. Ingieni kwenye mipangilio mchague TCP badala ya UDP. Ni ya polepole kidogo, lakini hupenya mahali pengi. Angalieni pia saa na tarehe ya kifaa. Saa ikikosea sana, vyeti vya usalama hukataliwa na VPN haifunguki.

Hatua ya tano, malipo. Vijana wengi hulipia kwa kadi ya M-PESA GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022, ambayo huchukua pesa kwenye salio la M-PESA. Siku ya kulipia ikifika na mwenye kadi ametuma pesa nyumbani, malipo hukataliwa na wote watano hubaki nje. Pesa za VPN ziwe zimeshakusanywa siku tatu kabla.

Hapo ndipo linapokuja suala la amana. Nyumba ile ya Umoja wana chama cha kununua gesi, na kina daftari, mweka hazina na tarehe. VPN, inayobeba riziki yao yote, haikuwa na hata karatasi. Tuliandika usiku ule: nani msimamizi wa akaunti, kila mtu ana vifaa vipi, na mtu akihama anaondolewa siku anayokabidhi ufunguo wa mlango.

Tena someni masharti ya kampuni. Akaunti nyingi za kawaida huuzwa kwa mtu mmoja au jamaa zake, na timu ina mpango wake wa kando, ambapo kila mtu huingia kwa jina lake. Ni ghali zaidi, lakini anayeondoka huondolewa peke yake, na akikosea mmoja hafungiwi mwingine. Sisi Waislamu tumefundishwa kutimiza masharti tuliyokubali; kubofya "nakubali" nako ni kukubali. Na anayevuka Lunga Lunga na laptopu ya kazi ajue kuwa Oktoba 2023 TCRA ya Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kwake.

Kabla sijaondoka, mpwa wangu alimpigia simu yule wa Kayole. Nilidhani watagombana. Akaomba radhi, akasema alidhani bado wanamhesabu kuwa mwenzao, na jioni ile akatuma shilingi 1,050 za miezi mitatu. Asubuhi nikaamkia chai ya pamoja, watu wanacheka. Onyo la kazi bado liko kwenye faili la mpwa wangu, na hilo hatukuweza kulifuta. Lakini wote sita sasa wanajuana vizuri zaidi kuliko Jumatano ile.